Pindo la Gauni la Wifi

...na bila fimbo, jamani, ile fimbo wifi kaiacha imeegemea benchi la mbele kaenda mwenyewe mpaka madhabahuni, na kanisa zima makofi, vigelegele, mama mchungaji analia utafikiri nyonga ni ya kwake, na yeye fundi nguo pale benchi la nne anapiga makofi kwa viganja tu, vidole kavikunja, maana vikigongana anaona nyota mchana kweupe, asante Bwana kwa ajili ya wifi, anasema hivyo kwa mdomo, moyoni anauliza, kwa nini yeye, kwa nini siku zote yeye, dada wa mume, kipenzi cha mama mkwe, mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho, kateleza ngazini na beseni la nguo mwaka juzi tu, nyonga ikamshuka, kaombewa mara mbili tatu huyo kapona, na mimi je, baridi yabisi imenianza vidoleni mtoto wa mwisho bado ananyonya na leo mtoto huyo anafuga ndevu, nimefunga, nimekesha, nimepakwa mafuta, asubuhi mume ndiye ananifunga vifungo, fundi nguo mzima nafungwa vifungo kama mtoto wa chekechea, Bwana, hata kama ni foleni si mimi nilitangulia...

Wifi ameshika kipaza sauti, anasema wapendwa, wapendwa, makofi yanamfunika, na fundi hamsikilizi, analiangalia gauni, maana gauni ni kazi yake, bluu yenye maua madogo, kitambaa kililetwa Jumatatu kwa zile haraka za wifi, wifi yangu nishonee la Jumapili, nina jambo la kusema kanisani, jambo gani hakusema, na fundi akashona, pindo lote kwa mkono, kila sindano ilipoingia kwenye kitambaa yeye aliisikia kwenye kifundo cha kidole, na kipande kilichobaki, cha kutosha kilemba kabisa, akakisukuma chini ya cherehani akamwambia hakikubaki kitu, basi, kwa kijicho tu, na sasa macho yanashuka kwenye pindo kwa mazoea ya kazi, na mikono inasimama hewani. Pindo limenyooka. Limenyooka kulia na kushoto, na haiwezekani, kwa sababu alilikata kwa kufuata ile nyonga, upande wa kushoto ulioshuka akaupunguza vidole viwili ili gauni lisiburute, mtu mwenye nyonga nzima akilivaa lile, kushoto litampanda juu, watoto wamcheke, mbona halijapanda... ah. Hajapona. Wifi hajapona hata kidogo.

Na raha iliyomjia, Mungu amsamehe, ikampanda mpaka masikioni, muongo wewe, unadanganya watu wa Mungu ukiwa umevaa nguo yangu, ngoja tutoke nje, nitamwambia mama mchungaji afute machozi yake, nitamwambia mama mkwe, nitasema polepole, bila hasira, kama mtu anayesikitika, naona wifi kidogo ametia chumvi, hivyo tu, na huku anapanga maneno makofi yakapungua na sauti ya wifi ikafika, ile ile yenye kicheko ndani yake.

"Tulieni kwanza, mnanipigia makofi ya nini? Sijapona. Fimbo nimeiacha pale kwa sababu mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mwingine umeshika meza."

Kanisa likacheka, na kweli mkono umeikamata meza mpaka mishipa imesimama, jasho linamtoka kwenye nywele, na fundi akashusha mikono, yale maneno aliyoyapanga hayana kazi tena.

"Nilikuwa namwomba Bwana niamke bila maumivu," wifi akasema. "Sasa maumivu yapo, na yeye yupo. Naamka nao wote wawili. Nikaona nije niwaambie kwamba inawezekana."

Amina, mtu mmoja nyuma, kwa sauti ndogo, na fundi alidhani kijicho kingeshuka, mwenzake si bado anaumwa kama yeye, wako sawa sasa, lakini wapi, kimezidi, kimekuwa kikubwa kuliko benchi, maana nyonga nzima ningemsamehe, hiyo ni bahati, lakini hiki, kuumwa na kucheka, kuumwa na kuwa na mtu, amekipata wapi huyu, yupo, anasema yupo, kwangu mbona maumivu yapo na yeye simwoni, miaka yote hii naamka namwita... unamwita, fundi, au unamdai? Maana asubuhi ni ile ile, vidole vimekakamaa, hajakaa vizuri kitandani, tayari? bado tu? ulisema lini? kama wale wateja wake wanaoingiza kichwa dirishani, tayari? na hata salamu hawana, na yeye anawajibu kesho kwa sababu hawajamtazama usoni, na hao miaka yote wanakuja na kwenda bila kuijua hata rangi ya macho yake, basi hivyo ndivyo nilivyomfanya Bwana wangu, fundi wa dirishani, yeye alikuwa amekaa humo humo ndani, pembeni ya cherehani, na mimi naulizia vidole...

Wifi bado kasimama, mkono bado uko mezani, pindo bado limenyooka, na vidole vinauma vile vile, pengine zaidi, kwa makofi, na kile kipande atampelekea, leo hii hii, atasema kilikuwa kimejificha chini ya cherehani, au atasema ukweli, ataona akifika, na kijicho bado kipo, kimekaa tu, nipe na mimi, Bwana, alichonacho huyu, hata kipande kilichobaki... halafu akaona haya, akaanza upya, bila kuuliza kitu, Bwana wangu, habari za asubuhi, ni mimi, fundi, nimeamka.