Pigo la Kando ya Fuawe

Mimi nilitaka vile vyuma vya baba vichukuliwe na mnunuzi wa chakavu, na sitajifanya nilikuwa na sababu nyingine zaidi ya hasira. Baba alifua miundu hapa milimani Tosa, Japani, miaka arobaini. Yeye alikaa mbele ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, na nyundo ndogo. Mama, Fusae, alisimama upande wa pili na nyundo kubwa ya kilo tano. Wanasema kimya kingi kina mshindo, lakini kimya cha baba hakikuwa na mshindo ila wa nyundo. Sikuwahi kumsikia akimwambia mama "pole".

Kaka yangu Masanori ndiye aliyeviona, tulipokuwa tunabomoa kibanda cha nyuma: nyundo, koleo saba na fuawe, vyote chini ya magunia ya pumba. Baba alikuwa amevipaka mafuta kabla hajafa. Masanori akakimbia kuleta msasa na vanishi.

"Nitavisugua ving'ae, nivitundike sebuleni. Wajukuu wajue babu yao alikuwa nani."

"Wajue pia ni nani aliyevunjika mgongo," nikamwambia. "Gari la chakavu linakuja saa sita."

"Chizuru, una roho ngumu wewe."

"Na wewe je, kaka? Hujapiga hata pigo moja. Ulikimbilia Osaka."

Tulibishana mpaka mama akatoka nje, kajishika kiuno, na miaka yake themanini na miwili. Akamnyang'anya Masanori nyundo kubwa. Mpini wake ulikuwa umelika mabonde mawili, na viganja vya mama vikaingia humo bila kutafuta.

"Pitisha msasa hapa uone," akasema. "Hii ni mikono yangu."

"Kwani mama unavitaka?" nikamuuliza. "Baba mwenyewe hakukupa hata neno."

"Nani kakwambia? Kwenye kelele zile neno ungelisikia wapi? Alikuwa anagonga. Nyundo ndogo ikigonga juu ya fuawe, napiga. Ikigonga kando mara moja, napumzika."

"Hiyo si kazi tu, mama? Kila mhunzi anagonga hivyo."

"Ni kazi, ndiyo. Lakini chuma kikiwa bado chekundu, hakuna mhunzi anayesimamisha. Baba yako alisimamisha. Akinisikia nahema tu, anagonga kando, mundu unapoa, unaharibika." Akacheka. "Nilipokuwa na mimba yako aliharibu mingi mno. Msimu ule tulikula viazi vitamu mpaka tukavichukia."

Miaka yote nilikuwa nimebeba kinyongo cha mama, kumbe mwenyewe hana. Niliona aibu, na ndani ya aibu hiyo nikafurahi. Nikashuka barabarani kumrudisha mwenye gari. Masanori akaficha msasa wake, akachonga ubao wa kuweka karibu na vyombo, majina mawili. La mama alilitanguliza. Mtu hajui kuomba radhi, lakini kuchonga anajua.

Kabla hatujavipandisha sebuleni nilimwambia mama anifundishe.

Nikachuchumaa, nikashika nyundo ndogo, nikagonga juu ya fuawe. Mama akainua ile kubwa kidogo tu, akaishusha. Nikagonga, akapiga. Mlio ule ulinipanda kichwani, nikazidi kugonga, naye akazidi kunifuata.

"Chizuru," akasema, pumzi zimembana, "mimi nakusubiri wewe."

Nikagonga kando, mara moja. Mama akaweka nyundo chini, akakaa.