Onyo la Mstari wa Mia Nne Kumi na Mbili
…maonyo kumi na sita nimeyamaliza tangu asubuhi, limebaki hili moja, mstari wa mia nne kumi na mbili, na kila nikiendesha kikaguzi cha programu kinarudia maneno yale yale, kielekezi kinacholindwa kimesomwa bila ulinzi, na bosi wangu Agnela kwenye meza yake anasema kitu kuhusu wateja, Sumari unanisikia, nakusikia dada, sisikii, natazama jina langu pembeni ya mstari, na tarehe, Februari kumi na moja, maana draiva hii niliiandika mimi, ndiyo inayoiwezesha kompyuta kusoma kipimo cha maji tulichofunga mtoni kule juu ya Tengeru, maji yakipanda king'ora kilie, watu wasivuke, na Februari onyo hili lilitokea hivi hivi, nikaongeza neno moja la kulinyamazisha, likanyamaza, nikaenda kula, leo tu nimeliondoa neno lile ili nikague upya, ni onyo tu, si kosa, kwani ni lini sehemu moja ya programu itafuta kitu wakati nyingine bado inakisoma, mara moja katika milioni, labda mvua iwe kubwa na taarifa za kipimo zimiminike kwa pamoja… mvua iwe kubwa, na Aprili ilinyesha siku nne mfululizo, mzee Elisaria alisimama ukingoni na ng'ombe wake wawili, ndivyo walivyosimulia majirani, akasikiliza, king'ora kimya, akaingia majini, wakampata siku ya tatu chini kwenye migomba ya watu, na sisi tukasema betri, hapana, mimi nilisema betri, niliandika kwenye ripoti unyevu umeingia kwenye betri, Agnela akasaini, ilhali kumbukumbu za mashine zilikatika katikati ya neno, saa kumi na dakika saba, betri ikiisha haikati hivyo, programu ikianguka ndivyo hukata, niliona, nikafunga faili, nikapanda kwenda msibani, shikamoo mama, na mjane wake, Tabitha, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, marahaba mwanangu, asanteni kwa mashine yenu, ilijitahidi, nitakuwa nakuombea kanisani, akanisogezea kiti, akaagiza niletewe chakula, nami nikala, nilikula nikamaliza… "Yamebaki mangapi?" Agnela anauliza, moja, nasema, "Basi linyamazishe tu, Jumatatu tunafunga vipimo vingine sita, si wewe mwenyewe ulisema hayo ni maonyo tu?" nilisema, ndiyo, nilisema, na dawa yake ni mistari miwili, mmoja kabla ya kusoma, kutangaza kwamba nasoma, anayetaka kufuta asubiri, mwingine baada, nimemaliza, dakika tano, miezi yote hii ilikuwa dakika tano, na nikiiandika sasa hivi onyo litaondoka, vipimo sita vitalia vizuri, hakuna atakayeuliza, Tabitha ataendelea kuniombea kanisani kwa jina, hilo ndilo siliwezi, vidole viko juu ya vibonye na sijaandika hata herufi moja, nitaandika, lakini kwanza niseme, nikiandika kwanza sitasema kamwe, najijua, nilivyofunga lile faili najijua… dada Agnela, nasema, haikuwa betri, naye anaendelea kuchapa barua yake, bila kuinua uso, "Betri ipi?"