Thelathini na Nane, Mara Tatu

Kwetu Marekani, kadeti anayetunukiwa cheo cha luteni usu humchagua askari wa cheo cha chini ampigie saluti ya kwanza. Baada ya saluti hupeana mikono, na katika kiganja cha askari yule huachwa sarafu ya dola ya fedha. Wengine huwachagua baba zao waliokwenda vitani, wengine sajini aliyewafundisha. Mimi sikuchagua. Renata Dudek alinipigia simu mwezi wa Aprili, akajichagua mwenyewe.

"Binti Mchungaji," alisema, "nasikia unakula kiapo mwezi ujao. Saluti ya kwanza ni yangu. Au umeshamwahidi mtu?"

"Bado."

"Basi usimwahidi. Na sarafu isiwe imechakaa, mimi ni mtu na heshima zangu."

Nilicheka naye. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi za bweni mpaka theluji ya mwisho ya msimu ikanilowesha suruali.

Renata alikuwa mwenzangu wa chumba tangu juma la kwanza chuoni. Tuliingia katika mafunzo ya uofisa kwa sababu moja: jeshi lilikuwa linawalipia ada wanafunzi wachache, nao wakishapata shahada wanalitumikia kama maofisa. Baba yake alikuwa mchimba chuma kaskazini mwa Minnesota, mpaka mgodi ulipomvunja mgongo. Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kilutheri, ambalo waumini wake walikuwa wakarimu zaidi kwa viazi kuliko kwa sadaka.

Oktoba ya mwaka wetu wa pili, Sajini Mkuu Batiste alitukusanya katika ukumbi wa mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa mtu wa Louisiana, na hakuisamehe baridi yetu hata siku moja.

"Umebaki ufadhili mmoja," akasema huku akipulizia vidole. "Hallberg, Dudek, alama zenu zimelingana. Mtihani wa viungo wa leo ndio utakaoamua. Mkiweza kula pamoja baada ya hapo, nitajua mmekua kunishinda mimi."

Katika mtihani ule makadeti huhesabiana. Mmoja hupiga pushapu kwa dakika mbili. Mwenzake hupiga goti pembeni na kuhesabu kwa sauti. Pushapu ikiwa mbovu, kiuno kikilegea au viganja visipoinuliwa kidogo kifua kikishagusa sakafu, mhesabuji hatoi namba mpya. Hutaja tena ile ile. Anayepiga hauoni mgongo wake mwenyewe. Kazi yake ni kumwamini anayehesabu.

Batiste aliuliza kama yupo anayetaka abadilishiwe mwenzake. Renata alicheka. "Niachie Hallberg. Binti mchungaji akidanganya, mnara wa kanisa la baba yake utaanguka."

Mimi nilitangulia, nikapata arobaini na mbili. Renata alinihesabia kwa furaha, na zile za mwisho alizipaza kama anashangilia mpira. Kisha ikawa zamu yake. Mpaka thelathini na saba nilihesabu kwa haki. Alikuwa hata hajaanza kutetemeka. Nikaona muda uliobaki, nikaona ada, nikaona vile viazi.

"Thelathini na nane," nikasema.

Akashuka, akapanda, mgongo umenyooka kama ubao.

"Thelathini na nane."

Akashuka tena, akapanda tena.

"Thelathini na nane."

Alimaliza na arobaini na moja. Alibaki amelala kifudifudi, shavu sakafuni, akanitazama kwa jicho moja.

"Kiuno kililegea?"

"Kidogo," nikasema.

Baada ya hapo alinipeleka kula pankeki. Alisema mshindi halipi. Mwezi wa Januari alirudisha ufunguo wa chumba chetu, akajiandikisha askari wa kawaida, akafundishwa kuendesha lori la mafuta. Mimi nilibaki kusoma.

Siku ya kiapo ilikuwa Jumamosi ya Mei, katika ukumbi ule ule. Sherehe ilikuwa ianze saa nne. Renata alifika saa mbili na nusu, koplo sasa, buti zake zinang'aa, nywele amezifunga nyuma. Nilikuwa peke yangu napanga viti.

"Mama yako anapiga picha maegesho ya magari," alisema. "Ameshaanza kulia, na hata wimbo wa taifa bado. Haya, niionyeshe sarafu."

"Renata, kaa kwanza."

"Sikai, nitakunja suruali. Una nini? Umekuwa kama mtu aliyemeza kijiko."

Nilikuwa nimeiandaa hotuba kwa mwezi mzima. Yote ilinitoka. "Ule mtihani wa mwaka wa pili. Nilirudia namba mara mbili. Pushapu zako zilikuwa nzuri."

Aliendelea kutabasamu kidogo, jinsi mtu anavyoendelea kutembea hatua mbili baada ya kuitwa. Kisha tabasamu likaisha.

"Na kiuno?"

"Hakikulegea."

"Hallberg." Hakuniita Binti Mchungaji. "Unajua mimi kila mtihani humwambia mhesabuji nini? Namwambia, niangalie kiuno, kina tabia ya kulegea. Mbele ya kikosi kizima. Wananiita Kitanda cha Kamba. Na mimi nacheka nao, kwa sababu rafiki yangu aliniambia, na rafiki yangu hadanganyi."

"Kwa nini leo? Kwa nini si jana, si mwaka jana? Au ulingoja shahada iwe mkononi?"

"Niliogopa," nikasema. "Na ulipotaka saluti iwe yako, nikaona siwezi kusimama uniinulie mkono."

Alitazama sakafu pale kati ya viti, mahali tulipofanyia mtihani ule.

"Shuka," akasema.

Nilikuwa ndani ya sare ya sherehe, vifungo vinameta. Nikashuka. Viganja vikagusa mbao baridi.

"Moja," akahesabu. Nikapanda, nikashuka. "Moja." Nikapanda tena, nikanyoosha mwili kadiri nilivyoweza. "Moja." Sijui nilipiga ngapi. Zote zilikuwa moja. Mikono ilipoanza kucheza, sauti yake nayo ilikuwa imeanza kucheza.

"Amka," akasema. "Haisaidii. Nilidhani itasaidia." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ile namba nani aliiandika?"

"Batiste."

"Basi si mimi peke yangu ninayedanganywa."

Nilijua anachosema. Kama ningenyamaza mpaka saa nne, ningekuwa ofisa. Nilitembea mpaka ofisi ya Sajini Mkuu, nikagonga, nikasimama wima, nikasema yote kwa mpigo mmoja, bila kuweka ile habari ya viazi. Alikuwa anapiga pasi tai yake. Aliisimamisha ile pasi.

"Ungeweza kungoja mpaka saa tano," akasema.

"Ndiyo, Sajini Mkuu."

"Nafurahi hukungoja. Hilo tu ndilo ninalolifurahia." Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Twende kwa kanali."

Kanali hakupaza sauti. Alikata jina langu kwenye orodha kwa kalamu, akasema kutakuwa na uchunguzi, na kwamba hawezi kuniahidi utaishaje. Huenda nikala kiapo baadaye. Huenda nikarudisha ufadhili wote nikaenda zangu. Nilimwambia mama huko nje. Alifunga kifuniko cha kamera taratibu. Baba alinishika bega, na hakuliachia mpaka tulipoingia ndani.

Renata hakuwa ameondoka. Alikuwa kwenye safu ya mwisho. Nilikaa, nikaacha kiti kimoja kati yetu. Makadeti tisa waliapa, saluti tisa zikapigwa, sarafu tisa zikapita mikononi. Yangu ilikuwa inapata joto ngumini. Watu walipoanza kupiga makofi nilimnyooshea.

Alinikunja vidole juu yake. "Sarafu ni ya saluti. Sijapiga saluti."

"Wakiniapisha siku moja..."

"Nipigie simu. Sijui kama nitakuja." Alinyoosha suruali yake magotini. "Nipigie tu."

Makofi yakaisha. Watu wakaanza kusimama, kukumbatiana, kutafuta keki.

"Bado hujaitaja," akasema Renata.

"Nini?"

"Namba yangu. Itaje. Kwa sauti, kama mhesabuji."

Nikasimama. "Arobaini na tatu!" nikasema, na watu wa safu mbili za mbele yetu wakageuka.

Renata alikuwa amefumba macho. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, haukigusi kiti.

"Arobaini na tatu," akasema peke yake.