Kura Zilizohitaji Ngata

Asubuhi ya kura za maoni, Sekela aliwafungulia kuku, akavaa gauni la kanisani, akashuka hadi ghala la kahawa la Isansa. Humo ndimo wanachama walimokuwa wakimchagua mtu wa kugombea urais kwa jina la chama chao. Msimamizi kutoka wilayani, Nathanaeli, alimwona miguu ilivyomvimba, akampa kiti chake. Sekela hakukisahau kiti kile, hata baada ya yote yaliyofuata.

Wagombea walikuwa wawili. Watson Makene alikuwa na picha kwenye kila nguzo toka Tunduma hadi Vwawa. Tulinagwe, nesi mstaafu wa Isongole, alikuwa na bodaboda ya kukodi, na mkutano wake wa kwanza ulihudhuriwa na watu sita na mbuzi. Watu walicheka. Kisha redio ikasema ameshinda mkoa mmoja, halafu wa pili, halafu wa tisa, na wiki ile wakawa wamekabana koo. Ulibaki mkoa wao tu, Songwe.

Sekela hakumjulia Tulinagwe redioni. Masika ya mwaka juzi binti yake Rozi alishikwa na uchungu, gari likakwama kwenye matope, ikabidi abebwe kwa machela. Tulinagwe aliwakuta njiani. Alivua viatu, akashika mti wa mbele, hakuuliza mgonjwa ni wa nani. Rozi alikata roho kabla hawajafika darajani, na mtoto naye. Kadi yake ya kliniki ilisema kilo hamsini na mbili. Nesi alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe, na mpaka leo hajarudi kukidai. Katika kampeni aliahidi kitu kimoja: barabara zinazopitika masika.

Sekela aliandika jina la Tulinagwe. Karatasi ilikuwa nyepesi alipopewa. Sasa haikunyanyuka mezani. Basi alivua kilemba, akakisokota ngata, akaiweka kichwani. Jirani yake Fides akamtwika.

"Taratibu, Mama Rozi," Fides alisema. "Umeandika jina au umeandika mlima?"

"Andika yako kwanza, ndiyo uchonge mdomo."

Fides aliandika, naye akasokota ngata. Yake ilikuwa na uzito wa ndoo za maji za miaka thelathini. Wanaume walibeba zao mabegani, wakiwa wameinama kama chini ya magunia ya kahawa. Kura za Makene zilipeperuka, ikabidi Nathanaeli azikandamize kwa jiwe.

Walipohesabu, Tulinagwe alikuwa na mia mbili kumi na nne, Makene tisa. Zile tisa Nathanaeli alizitia kwenye mfuko wa shati. Zile nyingine zilipopakiwa garini, gari lilikaa chini kama kuku anayeatamia, springi zikakatika.

"Kura ni ile iliyofika wilayani," Nathanaeli alisema. "Ndiyo kanuni. Nifanyeje, bibi?"

"Tutazibeba wenyewe," Sekela alisema. "Tangu lini tukabebewa?"

Waliondoka mchana ule, kila mtu na kura yake; Nathanaeli alitangulia na gari tupu likichechemea, zile tisa mfukoni. Walilala kanisani njiani, na mama mmoja asiyewajua aliwapikia uji bila kuwauliza chama. Mwisho wa kupokea kura ulikuwa saa sita mchana. Saa tatu asubuhi walikuwa Vwawa, wamejipanga mbele ya ofisi ya chama ya wilaya, shingo zimekaza.

Katibu alitoka na kikombe cha chai. Aliziangalia ngata, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole.

"Kura zitaletwa kwa gari," alisema. "Vichwa havijatajwa."

"Na gari likishindwa?"

"Hilo nalo halijatajwa."

Sekela alisimama pale hadi saa sita. Katibu alimaliza chai yake, akaandika: Isansa, Makene tisa, Tulinagwe hakuna. Vijiji vingine vya milimani navyo vilipatwa na tatizo la uzito.

Jioni redio ilitangaza kwamba Makene ameteuliwa kwa tofauti ya kura mia mbili na moja. Mtangazaji aliuita ushindi mwepesi, na hakukosea.

Walirudi na kura zao. Fides aliifanya yake kizuizi cha mlango, maana upepo wa Julai ni mkali. Sekela aliipitisha yake kwa Deus, mnunuzi wa kahawa, akamwomba aipime. Deus hakuuliza ni nini. Aliiweka kwenye mizani, akangoja mshale utulie.

"Hamsini," alisema.

Sekela alimshukuru, akajitwika, akashika njia ya nyumbani, ile ile inayopita darajani. Mizani ya Deus, kila mkulima wa Isansa anajua, huiba kilo mbili.