Herufi ya Wino Mwekundu

"Hapa pana neno limesahihishwa kwa wino mwekundu," alisema hakimu. "Nani alilisahihisha?"

Mume wangu akainamia karatasi. Ilikuwa mara ya tano tunapanda ngazi zile za mahakama, na miguu yangu ilishaijua kila ngazi iliyomeguka. Hasira ziliniishia huko nyuma. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka hata kuchukia. Nilichotaka ni nyumba aliyonipa mama, vyumba viwili na kisima, ambayo mkataba wetu wa kabla ya ndoa ulisema itabaki yangu tukiachana. Yeye alikula kiapo kwamba alitia saini bila kusoma, kwa pilikapilika za harusi. Mama, shahidi wetu pekee, alikuwa kaburini. Hakimu akimwamini, nusu ya nyumba inakwenda.

Mkataba niliuandika kwa mkono wangu. Ulimi wangu na herufi r na l havijapatana tangu utotoni, na kalamu hufuata ulimi. Yeye, mwalimu wa Kiswahili, alinichumbia huku akinicheka. "Niambie rara sarama," alikuwa akisema mlangoni kwa mama, "ndiyo niende."

Alasiri ya kutia saini alikaa kwenye kiti cha mama, akausoma mkataba mstari kwa mstari, midomo ikimcheza. Kisha akachomoa kalamu yake ya kusahihishia. Nilikuwa nimeandika taraka. Akaikata r, juu yake akapachika l.

"Neno hili hatutalihitaji, mchumba," alisema. "Lakini likiandikwa, liandikwe sawasawa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimpenda mno siku ile, wala sioni haya kusema.

Sasa wakili wake alimvuta koti, akamnong'oneza. Angeweza kusema hajui. Wino hauna jina. Alinitazama, mara ya kwanza tangu kesi ianze, akashusha pumzi.

"Mimi, mheshimiwa," alisema. "Lilikuwa na kosa."

Nyumba ikabaki yangu. Sikushangilia. Nilirudi nikateka maji, nikaoga, nikalala saa kumi na mbili.

Wiki iliyofuata nilikwenda zahanati kupima presha, nesi akanipa fomu nijaze. Penye hali ya ndoa nilisita kidogo, watu wakinisubiri nyuma. Nikaandika mtalaka, kisha nikaikagua ile l. Ilikuwa sawasawa.