Siku Tatu Pampu Ilipozimwa

Yoramu Chilongola hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka wenzake walipomchagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kazi yake katika halmashauri ile ya wilaya ilikuwa ukarani wa masijala: kutafuta majalada, kuyatoa, kuyarudisha mahali pake. Katika miaka kumi na moja hakuwa amepoteza hata karatasi moja, na alijivunia hilo kuliko alivyojivunia kitu kingine chochote.

Mwaka wa tisini na nne watumishi walikuwa wamechoka. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, vitenge, redio, baiskeli mpya, vitu ambavyo miaka kumi nyuma mtu alivipangia foleni tangu alfajiri na bado akavikosa. Sasa vilikuwepo tele, ila mshahara ulikuwa uleule, na wenyewe ulichelewa miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Ndipo chama kikatoa waraka kwamba kila tawi lidai malimbikizo na nyongeza, na lisikae kimya.

Wakaanza na mgomo baridi. Wiki mbili nzima watumishi walifika ofisini saa moja na nusu, wakasaini kitabu, wakakaa mikono mapajani. Afisa biashara hakutoa leseni. Mpiga chapa hakugusa mashine. Yoramu hakutoa jalada. Mkurugenzi alikuwa akipita koridoni, anawasalimu kwa upole, anawauliza hali za nyumbani, kisha anakwenda zake kula chakula cha mchana. Mjini hakuna aliyelalamika. Ilikuwa kana kwamba hawakuwahi kuwa na kazi yoyote, na hilo liliwauma kuliko njaa.

Kamati ya tawi ikakutana Jumamosi mchana katika darasa la shule ya msingi, watu wanane kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wao, Optatus, ambaye ndiye afisa biashara, akasema, "Tusidanganyane. Halmashauri hii ina kitu kimoja tu ambacho kikisimama kila mtu atajua. Pampu."

Pampu ya kisima kirefu ndiyo iliyolisha mji mzima maji, na mwendeshaji wake alikuwa mmoja, mzee Filipo Mazengo, mwanachama aliyelipa ada ya chama bila kukosa. Wakapiga kura, mikono minane ikainuka. Yoramu akaandika muhtasari: kamati inamwagiza ndugu Mazengo azime mtambo mpaka madai yasikilizwe. Wote wakaweka sahihi.

Yeye ndiye aliyetumwa kumwambia. Alimkuta Filipo kwenye kibanda cha pampu, nje kidogo ya mji, anafuta injini kwa kitambaa kama mtu anayefuta jasho la mgonjwa.

"Shikamoo, mzee Filipo."

"Marahaba, katibu. Leo umepotea njia?"

Yoramu akamweleza. Filipo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Watu watakunywa nini?"

"Ni siku moja, mzee. Mbili zikizidi."

"Mwezi wa kumi huu. Korongo limekauka, hata mchanga wake ni mkavu."

"Najua. Lakini sisi wengine hata tukikaa mwaka mzima hatuna wa kutusikia. Wewe mwenyewe mshahara wa mwezi wa nane umeuona?"

Filipo aliitunza injini ile miaka ishirini na miwili, na alikuwa anaweza kujua kwa mlio tu kama dizeli ina maji. Akakaa juu ya pipa.

"Nikizima, nani atasema kwamba nimetumwa?"

"Mimi. Muhtasari nimeuandika kwa mkono wangu."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu, mzee."

Na kwa haki, siku ile Yoramu hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake.

Pampu ikazimwa Jumatatu. Kufika jioni mabomba yalikuwa yanatoa hewa tu. Jumanne wanawake walishuka korongoni na majembe, wakachimba mchanga mpaka kimo cha mtu, wakapata maji ya tope ya kugawana kwa kata ya kuchotea. Filipo alikuwa amemkataza mkewe, Devota, asiseme lolote kuhusu chama. Mambo ya tawi yalikuwa siri ya tawi. Basi Devota naye alichimba pamoja na wenzake, kimya.

Pale korongoni alikuwepo Anyesi, rafiki yake wa kwaya. Miaka kumi na mitano wawili hao waliimba sauti moja, bega kwa bega, na mmoja alipojifungua mwenzake ndiye aliyempikia uji. Anyesi alikuwa na mjukuu anayeharisha nyumbani. Alipopanda kutoka korongoni na nusu ndoo ya tope, akamkuta Devota njiani, akaitua ndoo.

"Mumeo anatuua kwa ajili ya mshahara wake," alimwambia mbele ya watu wote. "Na wewe unakuja kuchimba na sisi! Huna haya?"

Devota aliinama tu. Mtoto yule alipona, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Siku ya tatu Mkurugenzi aliwaita viongozi wa tawi. Mazungumzo hayakumaliza saa mbili. Malimbikizo yote yatalipwa kabla ya Krismasi, nyongeza itaanza Januari. Watumishi walipiga vigelegele uani, wakambeba Yoramu juujuu. Alitamani Filipo naye angekuwepo, lakini Filipo alikuwa ameshakwenda kuwasha injini.

Baada ya wiki moja ikaundwa kamati ya uchunguzi. Maji ni huduma ya lazima, ikasemwa. Aliyeagiza mtambo uzimwe lazima ajulikane. Afisa utumishi akamwita Yoramu na Optatus, akafunga mlango.

"Wakati huu tunaandaa orodha ya watumishi wa kupunguzwa," alisema taratibu, kama anayewapa ushauri. "Tukipata karatasi inayoonyesha kwamba tawi liliagiza, ninyi nyote wanane mnaondoka, na makubaliano yanafutwa. Karatasi isipokuwepo, basi ni mtu mmoja aliyefanya kwa hasira zake."

Walipotoka, Optatus akamshika Yoramu mkono. "Mtu mmoja, Yoramu. Upande wa pili watumishi mia mbili na familia zao. Wewe ndiye unayejua muhtasari uko wapi."

Yoramu alikuwa na watoto wawili, na mkewe, Edina, alikuwa na mimba ya tatu. Alijiambia kwamba anawafikiria wale mia mbili. Mchana ule alitoa karatasi ile kwenye jalada, akaikunja, akaenda nayo nyumbani na kuitia jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Edina aliiona inashika moto. "Ni karatasi gani hiyo?" akauliza. "Haina kazi," akamjibu.

Mbele ya kamati ya uchunguzi Filipo alisimama kofia mkononi. Alipoulizwa nani alimtuma, alisema, "Muulizeni katibu. Yeye anaandika kila kitu."

Wakamgeukia Yoramu.

"Tawi halikuagiza," alisema Yoramu. "Hakuna kumbukumbu yoyote."

Alitarajia Filipo atapiga kelele, atamwita mwongo, atamshika shati. Alikuwa amejiandaa kwa hayo yote. Filipo akamtazama tu, kwa muda, kama mtu aliyesikia mlio asioujua ndani ya injini yake. Kisha akavaa kofia.

Aliachishwa kazi mwezi uleule, bila kiinua mgongo. Alipakia vyombo vyake kwenye lori la mahindi, akarudi kwao Kibakwe na Devota. Anyesi hakwenda kuwaaga.

Nyongeza ilikuja Januari kama ilivyoahidiwa. Yoramu akaezeka nyumba yake kwa bati. Tawi likamchagua tena, na tena, na makao makuu yakampa cheti. Lakini siku moja Edina alimuuliza kwa nini hapendi tena kusikiliza mlio wa pampu, kwa nini hufunga dirisha la upande ule. Akasema ni vumbi.

Miaka mitano ikapita hivyo. Kisha dereva mmoja wa lori akaleta habari, kama jambo la kupita: mzee Filipo amefiwa na mkewe.

Yoramu aliomba ruhusa, akaenda Kibakwe. Alimkuta Filipo kwenye mashine ya kusaga ya mfanyabiashara mmoja, nyusi nyeupe kwa unga, anakaza mkanda wa injini. Alikuwa amezeeka sana.

"Mbukwenyi," Filipo alimsalimu kwa Kigogo, kama anavyosalimiwa mgeni yeyote. Halafu akamtambua. "Aa. Katibu."

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Asante. Karibu, ukae."

Alizima mashine, akampeleka nyumbani. Binti yake akaleta ugali wa uwele na mlenda, wakanawa, wakala. Walipomaliza, Yoramu akasema yote: karatasi, jiko, maharage, afisa utumishi. "Nimekuja kukuomba radhi, mzee. Sina la kujitetea."

Filipo alisogeza bakuli la mlenda pembeni.

"Karatasi nilijua," alisema. "Siku ileile nilijua. Kazi nilipata nyingine, injini ni injini. Ningeweza kusema siku ile, lakini mngefukuzwa nyote na ile nyongeza ingefutika. Nikasema, basi. Hilo nimeshalimaliza na Mungu." Akavuta pumzi. "Devota ndiye hakumaliza. Mpaka anakufa alikuwa anamtaja Anyesi. Alitaka kumwandikia barua, nikamkataza. Nilimwambia, katibu aliapa, katibu atasema mwenyewe. Miaka mitano nikamkataza."

"Mzee..."

"Mimi siombi kazi wala mafao. Nenda kamwambie Anyesi."

Yoramu alirudi Jumatano. Kesho yake asubuhi alikwenda bombani. Kulikuwa na foleni ndefu, wengi wao wanawake vijana na wageni waliohamia mjini karibuni, na maji sasa yaliuzwa na kamati ya maji. Akasimama mbele yao, mtu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi, akasema kwa sauti kwamba mwaka wa tisini na nne si Filipo Mazengo aliyeamua kuzima pampu. Yeye, Yoramu, na kamati yake ndio waliomwagiza, kisha wakamkana.

Wakatazamana. "Filipo yupi?" aliuliza mmoja. Mwingine akacheka kidogo, akasogeza ndoo yake. Foleni ikaendelea.

Karibu na mwisho wa foleni mwanamke mzee alikuwa amesimama wima, mkono mdomoni. Ni Anyesi. Akamjia Yoramu polepole, ndoo yake akaiacha.

"Devota alikuwa anajua?" akamuuliza.

"Alikuwa anajua."

"Nilipomtukana pale korongoni, alikuwa anajua, akanyamaza?"

"Yeye na Filipo walikuwa wametunza siri yetu."

"Na sasa yuko wapi, nikamwombe radhi?"

Yoramu alijaribu kuinua macho, akashindwa. "Amefariki, mama. Mwezi uliopita."

Anyesi hakulia. Alifungua ncha ya khanga yake, akaifunga tena, akaifungua. "Mwezi uliopita," alisema. "Miaka mitano ulikuwa unanipita njiani, Yoramu, unanisalimu. Kanisani ulikaa benchi la nyuma yangu. Ungekuja hata mwezi mmoja kabla."

"Mama, kesho kuna lori la Kibakwe. Nitakupeleka kwenye kaburi. Nauli nitatoa mimi."

"Nitakwenda," alisema Anyesi. "Lakini wewe usije. Na nauli yako sitaki."

Akageuka akaondoka, ndoo ikabaki pale kwenye foleni. Yoramu aliitazama ikisogezwa mbele na wanawake, hatua moja baada ya nyingine, mpaka ikafika bombani. Akaijaza, akaibeba mpaka nyumbani kwa Anyesi, akaiweka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakubisha hodi.