Doa Jekundu Nyuma ya Amplifaya

Saa tisa na nusu alasiri, gitaa la fundi cherehani lilikuwa linalia kama bati linaloburutwa sakafuni, na jasho lilishamfika kiunoni. Nafasi katika bendi ilikuwa moja. Kiongozi, ambaye wote walimwita Dakika kwa kuwa hajawahi kusamehe hata moja, alikuwa amesema: saa kumi kamili mwenye sauti safi anabaki, mwenye makelele arudi kwenye cherehani yake. Hakutaja mtu, lakini mle ukumbini mwenye cherehani alikuwa mmoja tu.

Kosa alilijua, nalo lilimtia aibu. Pedali yake mpya ya priampu, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ilikuwa tayari inaikuza sauti ya gitaa. Yeye akaichomeka kwenye tundu la mbele la amplifaya, ambako sauti inakuzwa tena. Chumvi juu ya chumvi. Dawa ilikuwa kuzungukia nyuma: gitaa liingie kwenye priampu, priampu iingie kwenye pedali ya mwangwi, kisha waya uende kwenye tundu la nyuma linalopeleka sauti moja kwa moja sehemu inayosukuma spika.

Tatizo, matundu ya nyuma yalikuwa matatu. Amplifaya ilikuwa ya baba yake, kongwe kuliko yeye, na maandishi yote yalishafutika. Tundu moja hupokea sauti, la pili huitoa, la tatu hulisha spika. Ukichomeka pedali kwenye hilo la tatu, umeikaanga. Alama iliyobaki ni doa jekundu la rangi ya kucha juu ya tundu la katikati.

Nyekundu ni hatari, akajiambia. Basi si hilo. Lakini la kushoto au la kulia? Akamtumia baba ujumbe. Kumpigia kusingefaa kitu, masikio ya mzee yalikufa miaka minne iliyopita. Jibu likaja neno moja: "Nakuja."

"Dada, dakika sita," Dakika akasema, macho kwenye saa.

Zilipobaki tatu, mzee hajatokea. Liwalo na liwe! Fundi akauelekeza waya kwenye tundu la kushoto. Kiganja kikavu kikamdaka mkono.

"Kwenye nyekundu, mwanangu!" Baba alikuwa anahema, na alipaza sauti kama kawaida ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nyekundu ni karibu, si kwaheri. Kichupa chenyewe cha marehemu mama yako, kilibaki tone moja. Ningelipoteza kwa tundu la kukataza? Hilo la kushoto ndilo la spika."

Fundi akashusha sauti hadi chini kabisa, akachomeka, akapandisha polepole. Sauti ikatoka safi, kila uzi na nafasi yake. Akaendelea kupiga. Baba akaweka kiganja juu ya amplifaya, akafumba macho.

"Mazoezi kesho saa nane," Dakika akasema. "Na usichelewe."

"Uzi wa tatu umelegea," baba akadakia, hana habari kwamba kuna mtu kasema kitu. "Hata jana ulilegea hivyohivyo."

Fundi akaacha kupiga. Jana alikuwa chumbani kwake, mlango kafunga. Miaka minne alipiga akijua nyumba nzima hana wa kumsikiliza, na ilimuuma. Akaandika kwenye simu, akamwonyesha: Umejuaje?

"Kitanda changu si kimeegemea ukuta wako?" mzee akasema. "Kila siku naweka mkono."